Fimbo ya Vipimo, Mchafukoge

Jumanne, usiku



Leo nilikuwa nawapimia ndugu wawili kiwanja cha duka la ghorofa aliloacha baba yao, wagawane. Fimbo ya GPS niliisimamisha mpakani, mashine ya kurekodi vipimo ikiwa juu yake. Godi, yule mdogo, akaniuliza, "Dada, ngazi ya kupandia juu inaangukia upande wa nani?" Nikamwambia upande wa kaka yake, Eli.

Godi aling'oa fimbo yangu akampiga nayo Eli kichwani. Eli akaanguka. Akaendelea kumpiga palepale chini, na Eli anasema, "Godi, ni mimi. Godi..."

Wabeba mizigo wa mtaani ndio waliomkamata Godi. Eli hajazinduka. Godi kawaambia polisi alipiga mara moja tu, kwa hasira. Nilipoulizwa, nikasema sikuona vizuri.

Jioni mama yao kanipigia simu. "Mwanangu, sema alipiga mara moja. Usininyang'anye wote wawili."

Sasa nimefungua kompyuta. Mashine haikuzimika. Ilirekodi kila sekunde, fimbo inapanda, inashuka, inapanda tena, nukta juu ya nukta. Naichukia. Nimeisifia kwa watu kwamba haikosei hata sentimita mbili.

Bado nahesabu nukta za chini, kila moja pigo, na simu ya mama yao inaita tena.