Mkojo wa Neema Umebaki Safi

Mama Vero,

Tangu tulipokuzika kule Kasongo, kituo chetu cha afya hapa Wamaza nimeachiwa mimi, mwanafunzi wako. Nikisikia pikipiki inasimama mlangoni, bado nainua kichwa nikidhani ni wewe.

Unamkumbuka Neema, yule mtoto wa kijiji cha Lusangi aliyekuja amevimba uso na miguu, figo zake zikimwaga protini kwenye mkojo? Ulimwanzishia dawa ya prednisolone wewe mwenyewe, siku chache kabla moyo wako haujasimama. Wiki ya pili uvimbe ukashuka. Bibi yake akafunga mizigo. "Mutoto iko muzima, turudi shamba," akaniambia. Nami, Mama, nilikaribia kukubali. Kilo zilikuwa zimepungua, na nilipombonyeza mguu kidole hakikuacha shimo.

Kisha nikakusikia ukinikemea: "Uvimbe unaweza kukudanganya. Uliza mukojo!" Vile vikaratasi vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Nikafanya kama ulivyonifundisha: mkojo wa asubuhi kwenye kichupa cha kioo, nikaupasha moto upande wa juu, nikadondosha siki. Ukawa mweupe, mzito kama ute wa yai lililochemshwa: protini bado ilikuwa inamwagika. Nikamwonyesha bibi. Alitazama, akafungua mizigo yake.

Nilitamani uwe pale, unicheke kama siku ile nilipounguza vidole nawe ukacheka hadi machozi.

Nikaendelea kupima kila asubuhi. Uji kwanza, dawa baadaye, chakula bila chumvi. Wiki ya nne mkojo ukapashwa na ukabaki safi. Kesho yake, safi. Siku ya tatu, safi tena! Bibi akapiga vigelegele, akamkumbatia Neema, akanikumbatia na mimi. Nikageuka nikuambie, Mama... nikaona ukuta tu.

Jana wamerudi kwao. Hajamaliza dawa, tutaipunguza polepole, na bibi amejifunza kutoisimamisha ghafla. Ugonjwa huu unaweza kurudi, najua. Kwa hiyo Jumatatu nafunga kituo mapema, nakwenda Lusangi kumpima tena.

Pumzika, Mama Vero. Sitamruhusu mgonjwa yeyote aende kwa sababu tu uso wake umependeza. Nakuahidi. Lakini ningependa sana ungekuwepo kunisahihisha.

Mwanafunzi wako,
Aziza