Masatu Anauliza, Majura Anajibu

Jumamosi, 1 Septemba 1984

Halafu shingo yake. Jana nilijaza ukurasa mzima kwa mikono yake nikaisahau shingo. Mkanda wa saksafoni umeichora mstari upande wa nyuma. Mama mkwe anasema ni mstari wa maksai. Mimi nasema ni mzuri. Nikipita nyuma yake na ndoo naugusa kwa kidole, naye anajifanya hajasikia.

Mwezi wa pili wa ndoa. Nikiitwa mke wa Majura bado nageuka kumtafuta huyo mke.

Asubuhi foleni ya sukari. Haikufika kwangu. Sabuni hakuna, nimefua mashati yake kwa majani ya mpapai. Sijali. Wenzangu niliomaliza nao Fomu Foo wananionea huruma kuolewa na mpiga muziki. Waache na huruma zao.

Jioni alikuja Masatu. Ndiye mwenzake Majura kwenye bendi, wote wawili wanapuliza saksafoni. Vile vijiti vyembamba vya kufunga mdomoni mwa saksafoni vimekwisha, na vya dukani haviji tena. Masatu amekata matete ziwani, akayakausha, akayachonga kwa wembe. Wakajaribu uani kwetu. Sauti imebadilika. Imekuwa nzito, na mkwaruzo ndani yake. Kuku walinyamaza. Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama hapo mpaka ugali ukaungua.

Mimi naipenda. Inaingia tumboni.

Jumapili, 2 Septemba

Dansi lilianza saa tisa mchana. Siku hizi ni mchana tu, mafuta ya jenereta ni shida. Nilikaa benchi la wake wa wanamuziki, gauni langu la buluu, miguu nimepaka mafuta ya kupikia. Majura alinitazama mara moja tu. Ilitosha.

Katikati ya rumba Mzee Sudi, kiongozi wa bendi, aliinua mkono. Magitaa yakaacha, ngoma zikaacha. Wakabaki wao wawili. Wenyewe wanaita kuachiana. Masatu anatupa kipande anachokitunga papo hapo, Majura anamjibu kwa chake. Hawapangi. Nimewasikia mara nyingi kabla hatujaoana, na siku zote watu hupiga miluzi na kurusha vitambaa.

Leo hapana.

Waliokuwa wanacheza waliachiana mikono. Hakuna aliyewaambia. Wazee waliokaa ukutani, midomo yao ilikuwa inacheza bila sauti, kama watu wanaohesabu. Majura alipomaliza kujibu, watatu kati yao wakavua kofia, wakasimama, wakatoka nje kwa mstari. Kijana mmoja akapiga kelele, "Wazee, mnaondoka wakati bia ndiyo inafika!" Watu wakacheka, bendi ikarudi, dansi likaendelea.

Niliona vibaya. Nilidhani hawakumpenda.

Jumatatu, 3 Septemba

Bombani wanazungumza jambo moja tu. Wazee wale watatu walitoka ukumbini wakaenda moja kwa moja kwa fundi seremala, hapa hapa Kitaji, mtaa wa pili kutoka kwetu. Walibisha hodi. Mkewe akawafungulia, akawaambia mzee yupo, karibuni. Alikuwa kitini, kikombe cha chai mbele yake. Amekufa. Mkewe alikuwa anamenya ndizi chumba cha pili na hakujua. Akawauliza nani kawaambia. Wakasema, "Tumeitwa."

Nimemsimulia Majura. Anasema fundi alikuwa mgonjwa tangu Pasaka. Kweli. Akaninyanyua na ndoo yangu mpaka mlangoni, maji yakatumwagikia wote. Mama yake akakohoa kwa makusudi.

Nampenda mno. Nimeandika ili iwe imeandikwa.

Jumamosi, 8 Septemba. Bunda

Tulikuja na lori la pamba. Nilikaa juu ya magunia, kichwa changu begani kwake, pamba nywele nzima. Masatu akasema, "Shemeji, umezeeka kabla ya kuzaa." Nikamrushia donge la pamba. Siku ilianza vizuri hivyo.

Ukumbi ulijaa kuliko wa Musoma. Wanunuzi wa pamba, wenye maduka, walimu. Na nje, dirishani, akina mama wauza samaki wa kukaanga. Mzee Sudi hakungoja hata nusu ya dansi, akainua mkono mapema. Nadhani watu walikuja kwa ajili ya hilo. Tangu mwanzo hakuna aliyecheza. Walisimama wakiwaelekea wale wawili, mikono nyuma.

Masatu akauliza. Siwezi kusema neno lingine, ilikuwa swali. Lilipanda, likabaki juu. Halafu Majura, macho amefumba. Pumzi ndefu moja. Fupi kadhaa. Ya mwisho ikashuka taratibu mpaka nikahisi baridi kwenye meno.

Nje dirishani mama mmoja alishusha sinia yake chini. Akafungua kitenge begani, akajifunga kiunoni, kwa nguvu, kama anakwenda msibani. Akamwambia mwenzake, "Kisorya." Mwenzake akasema, "Nimesikia." Wakaondoka wanne. Samaki wakabaki, na hakuna mtu aliyethubutu kuchukua hata mkia. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, maana siku hizi watu wana njaa.

Jumapili, 9 Septemba

Tumerudi Musoma. Habari imetutangulia. Kisorya, kule kwenye pantoni ya kwendea Ukerewe, mwalimu wa kike amekufa kwa homa jana mchana. Ndugu zake walimtuma mtu kwa baiskeli kupeleka habari ya msiba Bunda. Njiani akakutana na akina mama wanne wanakuja, wamejifunga viuno, wanalia tayari. Wanasema alianguka na baiskeli.

Majura hakunibeba leo. Alikaa akisafisha saksafoni yake muda mrefu. Nilimuuliza anafikiria nini anapopiga pale. Alisema hafikirii. Vidole vinakwenda vyenyewe.

Jumanne, 11 Septemba

Nimemuuliza mama mkwe. Tulikuwa tunachambua dagaa. Hakunificha.

Anasema zamani mtu akifa walipuliza pembe mbili. Ya kwanza iliuliza: nyumba gani? Ya pili ilijibu. Pumzi ndefu ilionyesha upande, fupi zilitaja ukoo, ile ya mwisho inayoshuka ilitaja mlango. Anayesikia mlango wa mtu wake aliacha jembe akaenda. Makabila yetu yana lugha zake, kila moja na yake, lakini pembe ilikuwaga moja, kila mtu aliielewa. Babu yake Masatu ndiye alikuwa muulizaji. Masatu alizaliwa pembe zimeshaachwa. Hakufundishwa na mtu.

"Ni hayo matete," alisema. "Yamempa sauti ya babu yake."

Nikauliza kuhusu anayejibu. Akausukuma ungo wa dagaa pembeni.

"Anayejibu hajui anachokijibu, mkamwana. Anajibu tu. Anataja milango ya watu, anataja, mpaka siku moja anautaja wake."

Nyumba hii tuko watatu.

Jumatano, 12 Septemba

Sikulala vizuri. Nilimtazama akilala. Anapumua pumzi ndefu, halafu fupi. Nikajikuta nahesabu. Nikajichukia.

Alhamisi, 13 Septemba

Nimembembeleza. Nilimpikia wali, mchele wa mwisho tuliokuwa nao. Nikamwambia aache kuachiana na Masatu, apige rumba tu kama wengine. Alicheka. Akasema mimi msomi, nimesoma Bayolojia, naogopaje matete? Nililia tu. Basi akaahidi. Akasema kwenye dansi la Jumamosi, Butiama, Masatu atauliza peke yake na hakuna atakayejibu. Akanifuta machozi kwa shati lile nililolifua kwa mpapai.

Mzee Sudi amepita jioni. Ana furaha kubwa. Anasema tangu bendi ianze hajawahi kuona watu wakisikiliza namna hii. Hata chafya hawapigi! Mama mkwe alimjibu, "Msibani pia watu hawapigi chafya." Akadhani ni utani.

Jumamosi, 15 Septemba. Butiama

Naandika kwenye lori, tunangoja dereva. Niandike kabla sijajidanganya.

Uwanja ulikuwa umejaa tangu saa nane. Si vijana. Watu wazima. Wengine wametembea kutoka mbali, wana fimbo na vumbi mpaka magotini. Hawakuja kucheza. Waliketi chini kwa utulivu, wanawake upande wao, wanaume upande wao, kama watu wanaojua kazi iliyowaleta. Rumba tatu za kwanza zilipigwa hewani. Mzee mmoja wa mbele alimwambia mpiga gitaa, "Baba, maliza hayo yako, tuna safari."

Mzee Sudi akainua mkono.

Masatu akauliza. Uwanja wote ukavuta pumzi pamoja. Nilisikia ile pumzi, kama nguo kubwa inaburutwa.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshusha saksafoni tumboni. Ameahidi. Nikatabasamu, hata nilimpungia mkono, mjinga mimi. Masatu akauliza tena. Majura alikuwa ananitazama mimi, macho kwa macho, na mikono yake ikapanda yenyewe. Uso wake haukujua. Kijiti kikaingia mdomoni.

Pumzi ndefu.

Mama aliyekaa mbele yangu akanong'ona, "Ziwani." Midomo yote ikawa inasema, ziwani, ziwani. Upande wa kwetu. Halafu fupi. Moja. Nyingine. Watu wakaanza kuinuka.

Nikapiga kigelegele.

Kile cha harusi, kirefu, kwa nguvu zangu zote, mkono mdomoni. Sikuwahi hata kupiga harusini kwangu, bibi harusi hapigi. Nikapiga tena na tena, nikasimama juu ya benchi, gauni limenipanda, sikujali, mpaka sauti ya saksafoni ikakatika katikati ya fupi, na ile ya kushuka haikuja.

Mtoto mmoja tu alicheka.

Mzee wa mbele aligeuka. "Nani amekata?"

"Mke wake," mtu akajibu. "Bibi harusi."

Nilidhani watanipiga. Mama mmoja alitema mate chini, mwingine akanishika mkono akanishusha benchini polepole, kama anavyoshushwa mgonjwa. Yule mzee alikuja mpaka karibu. Hakufoka. Ningependa angefoka.

"Binti, ungemwacha amalize, angelia mmoja. Sasa hatujui ni mlango gani. Kila mwenye mtu ziwani atalia wake."

Wakaondoka. Wote. Bendi ikapiga rumba kwa uwanja mtupu, maana Mzee Sudi hakujua afanye nini lingine.

Jumapili, 16 Septemba

Leo asubuhi, kabla hatujaamka kitandani, Majura akasema:

"Haukuwa wetu."

"Mlango?"

"Nilikuwa nimeanza kuusikia. Haukuwa huu wa kwetu."

"Wa nani?"

"Umeukata."

Akaniwekea mkono kichwani. Hana hasira. Yuko hai, mama yake yuko hai, mimi niko hai, na nina furaha, naona aibu kuiandika. Ningepiga tena. Ningepiga hata nikijua.

Jumatatu, 17 Septemba

Masatu amerudisha matete ziwani. Hakututazama alipopita. Majura ameifunga saksafoni yake kwa blanketi, ameiweka juu ya kabati. Mzee Sudi analalamika.

Alhamisi, 20 Septemba

Hakuna msiba tuliousikia. Siku tano sasa.

Ila watu wanatembeleana. Sijapata kuona. Kila lori linaloingia kutoka Bunda lina watu wenye kuku na viazi, wanakwenda kwa shangazi, kwa kaka, kwa dada waliyegombana naye miaka. Stendi imejaa. Mtaani kwetu kila nyumba ina mgeni. Ukiwauliza, wote wanajibu sawasawa, kwa sauti ile ile ya chini: nimepita tu kukuona. Wanakaa, wanamtazama mwenyeji usoni, wanatazama anavyopumua. Wanakunywa uji. Hawaagi haraka.

Leo asubuhi alikuja kaka yake mama mkwe kutoka vijiji vya rasini, mtu ambaye hakuja hata kwenye harusi yetu. Walikaa kivulini mwa ukuta bila mazungumzo mengi. Alipoondoka mama mkwe alinitazama.

"Na wewe, mkamwana? Kwenu si Rukuba?"

Nilikuwa nafagia. Niliendelea kufagia pale pale mpaka Majura akaja kunichukua ufagio.

Rukuba ni kisiwa. Huwezi kusema si ziwani. Mama yangu yuko huko, na watu wa kule hawajaja mjini wiki nzima, wanasema boti haina petroli. Labda ni petroli. Majura amekwenda mwaloni, mitumbwi inapofikia, kuuliza mtumbwi wa makasia. Anasema tutakwenda wote wawili, na hatabeba saksafoni.

Nimefungasha vitu vya kumpelekea mama. Kipande cha sabuni alichonipa jirani. Chumvi. Kitenge changu kimoja kati ya viwili. Kumetulia hapa. Upepo unatoka upande wa ziwa na hauna sauti yoyote ndani yake, nimesikiliza.

Mama, nakuja. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako.