Sauda Ametoka, na Si Mimi Niliyemtoa

Alhamisi, usiku

Sauda ametoka gerezani leo, nami nimerudi nyumbani Kyebando nimenuna kama mtoto.

Muda wote aliokuwa mahabusu, ni mimi niliyekuwa nikishuka gereza la Luzira na akina mama wa kanisa, nampelekea sabuni, naketi naye akilia. Kisha akaja Nankya, binti wa yule mwenye maghorofa Kabalagala. Msichana wa juzi tu. Alichukua fedha za urithi wake akawawekea wakili wanawake wasio na uwezo, na kesi ya Sauda ikafutwa.

Leo langoni Sauda alinipita, akamkumbatia Nankya. Mimi nilibaki nimeshika mfuko wa chapati.

Nankya angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha. Lakini alinifuata mwenyewe, akapiga magoti kunisalimia, kama wanavyofanya Waganda.

"Mama Achieng," akasema, "waliobaki ndani hawaniambii kitu. Wamekuzoea wewe. Twende wote Jumatatu?"

"Jumatatu nina kazi," nikamjibu.

Sina kazi yoyote. Nilitaka anibembeleze kidogo mbele ya watu. Hakunibembeleza. Alisema, "Sawa, Mama," akaondoka na Sauda garini.

Mungu nisamehe. Nakato, mahabusu mwenzake Sauda, bado yuko ndani na mtoto mchanga, na hawezi kumfungulia mgeni moyo wake, namjua.

Kesho nitampigia Nankya nimwambie kazi imeahirishwa. Wivu haujaniisha. Nitakwenda nao hivyo hivyo.