Wafalme Watatu Mbele ya Mwalimu

Jumapili. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri, na Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi. Nimechoka. Sijalala vizuri, mchezo mmoja unanirudia kichwani.

Jana mchana, kwenye mashindano ya poka, ule mchezo wa karata wa kuweka dau, kwenye hoteli moja ya hapa mjini, tulibaki wawili: mimi na mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya Nkoaranga, mstaafu sasa, aliyekuwa akinichapa kwa ajili ya saba mara nane. Mshindi mmoja tu ndiye anayekwenda fainali Dar. Nafasi hiyo naitafuta mwaka wa tatu huu.

Tulipokaa nilimwamkia shikamoo, nikamvutia na kiti. Nadhani nilishashindwa hapo.

Mkononi nilikuwa na wafalme wawili. Zikafunuliwa karata tatu za katikati, ambazo kila mchezaji huzihesabu kama zake: mfalme mwingine, tisa ya kopa, nne ya kopa. La kufanya lilikuwa wazi. Weka dau kubwa, anayesubiri kopa alipie kusubiri kwake.

Nikapita. Zamu yangu ilifika, nikasema siweki kitu.

Naye akapita. Karata ya nne ikawa kopa. Akasukuma chipu zake zote katikati, nami nikamfuata kwa ukaidi, maana nani anatupa wafalme watatu? Alikuwa na kopa mbili mkononi, zikatimia tano, na kopa tano hushinda wafalme watatu. Karata ya tano haikunisaidia. Nikabaki na masalia ya chipu, yakaisha kabla chai yangu haijapoa.

Wenzangu waliniuliza kama nilikuwa namtega. Nikasema ndiyo.

Nilidanganya.

Ukweli ni kwamba niliona vidole vyake vinatetemeka juu ya karata, nikaona aibu kumbana mzee aliyenifundisha kuhesabu. Na si mezani tu. Ofisini nako, kwenye kampuni ya kutembeza watalii, napita: safari nzuri za wageni wanapewa wengine, nami nasema haidhuru. Naiita adabu. Nimechoka kuiita hivyo.

Wakati wa kuagana nilimpa mkono kwa heshima zote. Akaushika kwa muda.

"Mwanangu, ulikuwa na wafalme, ukanihurumia," alisema. "Mimi sikukuhurumia, kwa sababu sikukudharau."

 

Ijumaa anasafiri kwenda Dar. Nimeshajitolea kumbebea begi hadi stendi. Sasa najiuliza: hiyo nayo ni adabu, au nimepita tena?