Mtani Kaburini kwa Kabula

Cheyo, Tabora
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Julieth,

Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa kuupokea ukiwa peke yako huko Bergen. Je, usingizi umerudi? Unakula? Huku mama yako alipandwa na presha siku ya mazishi. Sasa imeshuka, jana alitembea mwenyewe hadi zahanati.

Umeniandikia kwamba umeona video ya mwanamume amelala ndani ya kaburi la dada yako, amevaa koti la ngozi la marehemu, anamkejeli baba yako huku watu wanacheka. Umesema hutakanyaga tena kijijini Ntalikwa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nakueleza nilichoona.

Yule ni Fikiri, Mzaramo, mpiga dramu wa bendi ya dada yako Kabula kwa miaka kumi na miwili. Ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na utani huo ni wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Siku hizi watani hawaji sana misibani. Pengine hukuwahi kumwona mmoja akizika. Huingia kaburini na hatoki mpaka wafiwa wampe anachotaka. Wengi hudai mbuzi. Fikiri alidai baba yako asikilize wimbo mmoja wa Kabula.

Chanzo unakijua. Kabula alitoa albamu mbili za roki kwa Kiswahili, na wenye kumbi wakamwambia hizo ni kelele. Riziki akaipata kwenye tamthilia. Alipoigiza binti anayempiga babaye kofi, Ntalikwa nzima iliangalia, na baba yako akaishusha picha yake ukutani. Kwake kofi lile lilikuwa la kweli. Miaka tisa hakupokea simu yake, na nyimbo zake aliamini ni matusi kwake. Hata taazia niliyoliandikia gazeti, mhariri alibakiza tamthilia, akafuta muziki wote.

"We Mnyamwezi!" Fikiri alipaza sauti kutoka shimoni. "Babu yako kabeba pembe ya ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wewe wimbo mmoja unakushinda?"

"Toka humo, Mzaramo mvivu," baba yako akajibu. "Udongo huu si wa kwenu."

"Sitoki! Nifukieni hapa hapa, mradi mniwekee nazi mbili za njiani."

Watu walicheka, ni kweli. Kisha akaiweka simu juu ya udongo. Wimbo ulichukua dakika nne. Unamhusu mzee anayerina asali Ipole, na sega la kwanza humpa binti yake. Mizinga ya baba yako iko Ipole. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Ulipoisha baba yako akasema, "Toka, mtani. Nimesikia." Fikiri akatoka, tukazika. Aliyesambaza video aliikata kabla ya hapo.

Jioni baba yako aliniuliza Kabula alikuwa akiimbia watu wangapi. Nikamjibu: Arusha, kama elfu mbili; mara ya mwisho, mwezi Desemba, watu kumi na mmoja.

"Wangekuwa kumi na wawili," akasema.

Arobaini ni tarehe 9 Agosti. Baba yako hatakupigia; anaamini hutapokea. Mpigie wewe.

Shangazi Bernadeta anakusalimu, na Mzee Moiz pia, aliyemuuzia Kabula gitaa la kwanza.

Mungu akutunze ugenini.

Ni mimi binamu na kaka yako nikupendaye,
Silasi