Kwa Baba Mkwe Aliyeikataa Mikono Yangu

Mpendwa Baba Mkwe,

Katika miaka ishirini na minne niliyokaa kwenye mji wako pale Nkunga sikuwahi kukuelekezea neno hata moja. Kila nililotaka ulijue lilipita kwa Mama Mkwe, kwa mwanao Lusajo, au kwa wajukuu zako. Leo nimeamua kukuandikia bila mjumbe. Umelala chini ya migomba yako tangu masika yaliyopita, na sifahamu kama mila humfuata mtu hadi huko. Ikiwa inamfuata, basi nimeivunja kwa makusudi, tena kwa maandishi, ili pasiwepo atakayesema kwamba nilipitiwa.

Naandika nikiwa na hasira. Nimeona ni adabu kulitamka hilo mapema.

Wakwe wengi wa Rungwe siku hizi hula meza moja na baba wa waume zao na kuwapigia simu wakiishiwa chumvi. Kwako mwiko ulisimama kama ulivyoachwa na babu zako: mke wa mwana asikutazame usoni, asikae nawe chumba kimoja, asikutaje jina, wala asikuguse. Niliufuata. Ulipotoka shambani ulikohoa kwenye kona ya ua, nami nikajitanda kanga na kupita nyuma ya jiko. Nakiri kwamba ndani ya mwiko ule palikuwa na upendo. Nilipokuwa na mimba ya Ambokile ulikuwa ukiweka ndizi mbivu kwenye kizingiti cha jiko, kisha ukasema kwa sauti, kana kwamba unawaambia kuku, "Hizi si za kuuza." Kuku wale, Baba, walinenepa sana mwaka ule.

Kwa hiyo sikutarajia uniunge mkono nilipopata nafasi ya kusomea kazi ya kukanda mwili katika chuo kimoja mjini Mbeya. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwakanda akina mama wachuma chai, migongo imekakamaa kwa vikapu, na ujuzi wangu ulikuwa wa kubahatisha. Habari za chuo zilipoenea, jirani mmoja alisema nje ya kanisa, watu wakisikia, "Huyo anakwenda kusomea kushikashika waume za watu, na mwishoni atapewa cheti." Wanawake walicheka. Ulikuwa umesimama upande wa wanaume, na Mama Mkwe aliniletea jibu lako neno kwa neno: "Mgongo ukiuma hauulizi ni mkono wa nani. Mwacheni akasome."

Nilikwenda. Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote. Shule niliiacha darasa la saba, na mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyonipitia mkononi. Nilikariri majina ya misuli kama wanakwaya wanavyokariri sauti zao. Tulifundishwa kumfunika mteja shuka na kufunua tu sehemu inayofanyiwa kazi, kuomba ruhusa kabla ya kugusa, kuvuta mkono kuelekea moyoni, na kuitambua siku ambayo mtu hapaswi kukandwa kabisa. Tulipofikia wagonjwa wa kiharusi, mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alifunga daftari lake akasema, "Mkono uliolala msiuvute. Bega lake halina kinachoshikilia. Ukiuvuta, umemuumiza mtu asiyeweza kukuzuia." Niliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili.

Cheti changu ulikiwekea fremu na kukitundika sebuleni kwako, chumba ambacho sikuruhusiwa kuingia. Wageni wote walionyeshwa. Mimi nilikiona ukutani kwa mara ya kwanza siku ya msiba wako, nilipoingia kutandika mikeka.

Kisha kiharusi kikakupiga upande wa kulia. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliuliza ni nani nyumbani atakayeweza kuendelea nawe kila siku. Lusajo alijibu kwa fahari, "Mke wangu amesomea." Yule mtaalamu alifurahi, akasema una bahati.

Nilileta ombi rasmi, ukurasa mmoja, nikampa Mama Mkwe akusomee. Nilipendekeza kwamba nijifunike uso, au ufunikwe wewe, au wazee waitwe na mwiko uondolewe kwa zawadi yoyote watakayoona inafaa. Nilieleza kwamba sikuwa naomba upendeleo, bali naomba kufanya kazi uliyonipeleka kuisomea. Jibu lako lilitoka kwa shida, mdomo ukiwa umepinda: "Ndaga fijo, mwambieni. Ila hapana. Nataka nife ningali mtu."

Ahsante hiyo, ndaga fijo yako, ndiyo inayoniuma kuliko kule kukataa. Ulikubali niuguse mgongo wa kila mzee wa wilaya hii. Uliwanyamazisha watu kanisani kwa ajili hiyo. Ulipofika mgongo wako mwenyewe, ghafla ukauliza ni mkono wa nani.

Hivyo tukabuni upumbavu wetu. Lusajo aliketi kitandani pako, nami nikasimama nje chini ya dirisha, pazia likiwa limefungwa, nikimwelekeza kwa sauti.

"Anzia kwenye vidole. Taratibu."

"Nimeanza."

"Mbona sisikii kitu?"

"Kwani kukanda kunalia? Wewe mwalimu wa ajabu."

"Usibonyeze mfupa."

"Ningejuaje upi ni mfupa? Mzee mwenyewe mifupa mitupu."

Ulicheka, nilikusikia, na kwa siku kadhaa nilidhani jambo hilo litawezekana. Nilikuwa nimemwambia Lusajo kuhusu bega. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Lakini mikono ya mwanao ni ya kung'oa magimbi, na maneno hayamfundishi mtu uzito wa mkono uliolala. Ilikuwa asubuhi, mvua ikipiga bati, sauti yangu haifiki ndani. Alitaka kukuketisha, akakushika mkono wa kulia, akavuta.

Nilisikia ukilia. Bega lilikuwa limeteguka. Nilikuwa hatua nne kutoka kitandani pako na mlango haukuwa na kufuli, na bado nilisimama pale pale kwenye matope nikiuliza, "Amefanyaje? Amefanyaje?" kama mpita njia.

Tangu asubuhi ile hukumruhusu mtu yeyote kukugusa upande ule, na ulikuwa na haki. Vidole vilijikunja. Ulizikwa ukiwa umekunja ngumi.

Sidai kwamba ningekuponya. Tulifundishwa kutodai hivyo. Ninachodai ni kwamba maumivu yale hayakutoka kwenye ugonjwa. Tulikutengenezea sisi wenyewe, kwa adabu. Wewe uliamuru, Lusajo alivuta, na mimi niliyejua nilitii. Hasira yangu nimeigawa sehemu tatu, na iliyo kubwa nimekupa wewe kwa kuwa ndiye uliyekuwa mkubwa.

Sasa Ambokile anaoa, binti wa Ikuti. Wiki iliyopita, tukimenya ndizi, Lusajo aliniambia kwamba mkwe wetu atakaa hapa kwa utaratibu wa nyumba hii, kama nilivyokaa mimi.

"Basi siku ukipooza nitakuachia kuku wakukande," nikamwambia.

"Mke wangu, unaniuguza kabla ya siku."

"Nakuuguza mapema ili usiuguzwe vibaya."

Nilimtaka asimame kwenye kikao cha ukoo, binti akiwepo, atamke kwamba mwiko huo unakoma kwake na kwamba akiugua, mkono wa mkwe wake hautazuiwa. Alimenya ndizi nne zaidi. Kisha akauliza, polepole, "Wazee wataniuliza sababu. Nitawaambia nini kuhusu Tata? Nikieleza, nitakuwa nimemsema baba yangu mbele za watu."

"Ndiyo," nikamjibu. "Na utakuwa umejisema wewe. Mimi nami nitajisema."

Aliweka kisu chini, akafunika uso kwa mikono ile ile. Hatukuwa tumewahi kuizungumzia asubuhi ile hadi siku hiyo. Alipoufunua alisema tu, "Nilidhani nakusaidia kumwinua."

Kikao ni Jumamosi. Amekubali kueleza yote, aliyevuta na aliyekataza. Akishindwa katikati, nitasimama mimi na kumalizia, na wazee watanisikia nikikutaja kwa jina lako kamili, ambalo tangu niolewe halijatoka kinywani mwangu. Utasemwa, Baba. Nimeona upate taarifa hii kutoka kwangu, mapema na kwa maandishi, kabla hawajaisikia wengine. Ndiyo heshima niliyobakiwa nayo kwako kwa sasa, na nimekupa yote.

Endelea kupumzika. Mimi bado nimekasirika.

Mkweo,
mke wa Lusajo