Nilikizima kitikisio, Meshack akazikwa na mahindi

Jovita, uko wapi? Meshack wa ghalani nusura afe leo, na ni kwa sababu yangu.

Unakijua kile kitikisio cha umeme tulichofunga kwenye kihenge, kinachotetemesha bati ili mahindi yashuke bila kuganda. Mama alinipigia kutoka Moshi, kelele zikanizidi, simsikii. Nikakizima. NIKASAHAU KUKIWASHA!!

Mahindi yakaganda. Malori ya kambi ya Nyarugusu yanasubiri, wakimbizi hawajapata mgao. Meshack akaingia kwa juu na mti ayasukume. Yakaporomoka naye. Yakamzika hadi shingoni, Jovita. Shingoni! Tulimvuta kwa kamba, anahema kwa shida.

Bosi akauliza, "Nani kakizima?"

Meshack akaniangalia. "Mimi, bosi."

Na mimi nikanyamaza! Bosi akamfukuza kazi palepale, bado ana mahindi masikioni.

Hospitalini nikamuuliza kwa nini alisema vile. "Dada Aikande, si wewe uliyeniombea kazi?"

Mara mkewe, Eufrasia, kafika mbio kutoka Gungu, kanishika mikono yote miwili. "Asante dada, wameniambia uliivuta ile kamba." Nikajibu, "Tumshukuru Mungu." Nimejibu hivyo kweli, Jovita!

Nikashindwa. Nikatoka nje nikampigia bosi, nikamwambia ni mimi. Akajibu:

"Mwambie Meshack akipona arudi kazini. Wewe usije."

Nimerudi wodini kumwambia. Aliyelia ni yeye.